Mabibo Mekundu Nyuma ya Cherehani Yangu

Wateja wanaokuja kuchukua nguo kibandani kwangu Kinondoni siku hizi hawaondoki haraka. Mtu amefuata sare yake ya harusi, nimeshamkunjia na kumtilia kwenye mfuko, lakini bado amesimama anatazama ukuta wa nyuma ya cherehani. "Mama, hii picha umeitoa wapi?" Wiki iliyopita peke yake swali hilo nimelijibu mara nne, kwa hiyo naandika kila ninachokijua. Anayetaka asome, kisha aende mwenyewe.

Picha imechorwa Oysterbay, pale Tingatinga, kwenye kituo cha wachoraji, jirani na Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Ukitokea Morocco, hapa Kinondoni, mwambie dereva wa bajaji "Tingatinga", atakufikisha. Aliyeichora ni kijana wa miaka 24, mtu wa Tunduru. Jina lake siliandiki kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Miaka na miaka nilipita pale bila kuingia. Nilijua ni mambo ya wageni: twiga, mlima Kilimanjaro, Mmasai na mkuki wake, mtalii analipa, anakunja, anapanda ndege. Siku niliyoingia ni kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimepeleka mapazia Masaki, narudi, mvua ikanikuta barabarani nikakimbilia kwenye paa la kwanza nililoliona. Ndani vijana wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja ameegemeza kazi yake magotini, makopo ya rangi miguuni, harufu ya thina imejaa. Na juu, pembeni, nyuma, kila mahali picha.

Mimi kazi yangu ni vitambaa. Miaka 27 nakata na kushona, na jicho langu limezoea kukataa. Mteja akiniletea pinki na chungwa nimwunganishie gauni moja, namshauri abadilishe. Pale nikakuta pinki imekaa kando ya chungwa, kijani ya majani mabichi juu ya bluu, manjano inawaka katikati, na hakuna inayopigana na mwenzake. Nikasogea kuangalia siri iko wapi. Iko kwenye mstari mweusi. Kila kiumbe kimezungushiwa mstari mwembamba, sawa na ninavyotia ukanda mweusi kati ya vitenge viwili visivyopatana. Nikaona hawa wenzangu tunafanya kazi moja.

Vijana wa leo wakisikia tingatinga wanafikiria lile gari la kuchonga barabara. Hapa ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Miaka ya 1950 alitoka kwao akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, baadaye akahamia Dar es Salaam, akawa anafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu upande wa Msasani. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Alichukua ubao wa dari uliokatwa mraba, kama futi mbili kwa futi mbili, na rangi za kawaida za dukani, zile ambazo mtu angepakia baiskeli au mlango. Mnyama mmoja, au ndege mmoja, anaujaza ubao mzima, nyuma yake rangi moja tu, jicho linakutazama. Picha aliziuza hapohapo Morogoro Stores, chini ya mbuyu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa kwenye gari, wakidhani ni la majambazi waliokuwa wakisakwa, akafa. Miaka minne tu ya kuchora, basi. Vijana aliokuwa amewafundisha, wengi wao ndugu na jamaa zake, akina Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, January Linda na Simon Mpata, hawakuiacha kazi ikafa naye. Mpata alikwenda Nairobi, na picha zake zikapendwa mpaka Japan. Mwaka 1990 wachoraji wakasajili ushirika wao, na ndio huo uliopo mpaka leo.

Habari ya Tanga ndiyo iliyonishika. Baba yangu alikuwa manamba. Alitoka Masasi miaka hiyohiyo ya 1950, akasafirishwa na wenzake mpaka shamba la mkonge wilaya ya Pangani, akapewa nambari na panga. Mimi nimezaliwa kambini. Sijui kama baba aliwahi kukutana na mtu aliyeitwa Tingatinga, mashamba yalikuwa mengi na watu walikuwa wengi, lakini walikata mkonge uleule chini ya jua lilelile. Nilikaa miaka yote hiyo nikiamini kwamba zile ni picha za wageni.

Sasa nije kwa kijana wangu. Nilipita kwa wachoraji saba au wanane nikifika kwake. Wengine walikuwa na tembo na twiga, yeye alikuwa na mkorosho. Chini yake watoto wameinua nyuso na kukinga mikono, na juu mabibo yananing'inia, mengine mekundu, mengine ya manjano, kila moja na korosho yake kwa chini kama hereni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Nyumbani, Tunduru. Huyu wa kushoto ni mimi."

Mtoto wa kushoto amevaa shati jeupe lenye madoa ya hudhurungi kifuani. Aliyekulia kwenye mikorosho hahitaji kuelezwa. Maji ya bibo yakikuingia kwenye nguo hayatoki, hata ufue kwa jivu, hata uchemshe. Mama yake alikuwa na shati moja tu la shule la kumvalisha, na msimu wa korosho ulipofika, Oktoba mpaka Desemba, shati lile lilikuwa linarudi nyumbani na doa jipya kila siku. Akaniambia madoa yale anayachora kabla ya sura. "Sura nitaikosea, mama, lakini doa silikosei."

Nikavuta kigoda nikakaa. Mvua ilishakatika, sikuondoka.

Tembo wake ni wa bluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Nilidhani ni mbwembwe za kuwavutia wanunuzi, nikamwuliza. Akasema yeye hajawahi kumwona tembo mchana. Kwao tembo wanashuka usiku kula mahindi, na baba yake alikuwa analinda juu ya dungu, yeye analala pembeni yake. Baba anaposikia mabua yanavunjika anapiga debe, mtoto anaamka, anachungulia kati ya miti ya dungu, na anachokiona ni kipande cha usiku kinatembea. Mara moja moja mbalamwezi inaangaza mgongo. Kwa hiyo tembo wake wana mstari mmoja mweupe mgongoni, basi. Aliponieleza hivyo nikaitazama tena ile picha ya tembo iliyokuwa nyuma yake na nywele zikanisimama.

Mambo mengine aliyoniambia nilikwenda nayo nyumbani nikayafikiria usiku. Bibi yake alikuwa akisiriba ukuta wa nyumba kila baada ya masika, udongo mwekundu chini, mweupe juu, na kabla haujakauka anapitisha vidole akichora mawimbi na vidoti. Mjukuu alipewa kona ya nyuma, pale wageni hawapaoni, afanye atakavyo. Alichora kuku. Mvua ikaja ikafuta, mwaka uliofuata akachora tena. Miaka sita alichora kuku wa ukuta huohuo. Na bibi alifuga kanga, wale ndege wenye madoa, kazi ya kuwachunga ikawa yake. Wazee husema hata kanga tunayojifunga ilipewa jina kwa ajili ya ndege huyu na madoa yake. Alikuwa anajaribu kuyahesabu madoa ya kanga mmoja, ndege anasogea, anaanza upya, jua linazama hajafika mwisho na bibi anamgombeza kwamba kicheche kachukua kifaranga.

Kwenye miaka 17 alikuja Dar kwa mjomba wake ambaye ni mchoraji. Miaka miwili ya kwanza hakugusa mnyama hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitambaa na kupaka rangi ya nyuma, ile ya mbingu, na kuosha brashi. Hivi ndivyo walivyorithishana tangu enzi za mwanzilishi, mtu anamshika mkono ndugu yake.

Nikaagiza. Nilitaka mraba wa sentimita 60, kipimo cha wazee. Nilimwambia nataka mkorosho, watoto na kanga wa bibi, tembo mmoja kwa mbali, na wengine wa porini abaki nao. Tukapatana shilingi 150,000, nikatanguliza nusu, akaniambia wiki mbili. Kwangu hela hiyo si ndogo, ni gauni mbili za harusi na ushonaji wake. Lakini nilifika pale mara tatu kazi ikiendelea, nikaona inavyotumika.

Kitambaa ni marekani, hiihii ninayoiweka mimi ndani ya kola. Niliishika kati ya vidole, nzito, haina uwazi. Anaiwamba kwenye fremu ya mbao, anaikunja kona kama tunavyokunja shuka la hospitali, anaipiga misumari nyuma. Halafu rangi nyeupe ya maji kuziba matundu ya uzi. Ikikauka ndipo inakuja rangi ya mafuta ya nyuma, na hapo alinichanganyia manjano inayopanda taratibu kuwa nyekundu, brashi inakwenda na kurudi mpaka huoni moja inaishia wapi. Hiyo inaachwa siku nzima. Makopo yake ni sita tu: nyekundu, manjano, bluu, kijani, nyeupe na nyeusi. Rangi nyingine zote anazizaa juu ya kipande cha ubao.

Siku ya kanga nilikaa saa mbili nzima. Mwili wa ndege alikuwa ameshaupaka, bluu nzito, umekauka. Alichukua brashi aliyoipunguza kwa wembe mpaka zimebaki nywele chache sana, akaichovya kwenye nyeupe, akaigusisha pembeni ya kopo, akaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Tone likiwa zito linatiririka, likiwa na thina nyingi linatawanyika. La ukucha lilipokaa sawa ndipo akaenda kwenye ndege. Mguso mmoja, doa moja. Mgongoni makubwa, yanapungua kadiri anavyokaribia shingo, na kwenye shingo yanakuwa madogo kama mbegu za mchicha. Nikagundua anabana pumzi kila anapogusa, anapumua brashi ikiwa juu. Mimi nabana pumzi vivyo hivyo ninapopitisha uzi kwenye sindano namba tisa. Tulikuwa wawili hatupumui.

Kanga wako saba. Sita unawaona mara moja, wa saba amejificha nyuma ya shina la mkorosho, mkia tu. Mjukuu wangu wa miaka minne alimwona kabla yangu.

Nikipima kazi kwa haki, mabibo ni ya kiwango cha juu kabisa. Mekundu hayakupakwa nyekundu moja. Ukikaribia unaona upande wa jua una chungwa kidogo na upande wa kivuli una zambarau, na kila moja lina kijidoa cheupe cha kung'aa ambacho kinakufanya ulisikie lile kakasi la bibo ulimini. Shati la mtoto limekunjamana kwapani sawasawa, na kukunjamana kwa nguo mimi sidanganywi. Nyuso za watoto ndizo bado. Watoto wanne, sura moja, macho mviringo yaleyale, na yeye alishasema mwenyewe kwamba sura anazikosea. Miguu pia imekuwa mifupi, mtoto wa kulia anaonekana kama amesimama shimoni. Nilimwambia. Akanisikiliza, akasema mjomba wake anamwambia hivyohivyo kila siku, na sasa anachukua daftari anakwenda kukaa Coco Beach Jumapili kuchora watu wanavyosimama. Nilifurahi kulisikia hilo. Wachoraji wengi wa picha za kuuza wanakwama hapa: picha moja ikipendwa wanairudia mpaka mkono unakwenda wenyewe bila jicho, na ndiyo maana ukizunguka maduka ya vinyago mjini unakutana na twiga yuleyule kumi na tano. Kijana huyu ana vitu vyake ambavyo hakuna wa kumwigizia. Asivitupe kwa sababu mlima Kilimanjaro unanunulika haraka.

Sasa lililonipata, mlichukue kama tahadhari. Picha ilikamilika kwa wakati. Aliniambia wazi, "Mama, ikae wiki nyingine kabla ya kuifunika, rangi ya mafuta inakauka juu, ndani bado." Mimi na haraka zangu nikaipeleka siku ya tatu kwa fundi wa fremu, si huko Oysterbay, ni mtaani kwetu. Nilimwambia asiweke kioo. Akaweka kioo, akakibana moja kwa moja juu ya rangi, akaniambia ndivyo inavyopendeza. Ilikuwa msimu wa joto. Baada ya siku tano niliona alama kama ya maji pembeni. Tulipokitoa kioo, kikaondoka na kipande cha kanga wa tatu, madoa kama ishirini na ubawa mzima, yamegandia kwenye kioo kama stika. Niliketi pale kwenye benchi la yule fundi nikalia, sioni haya kulisema. Hela ya fremu hakunirudishia.

Nikairudisha Oysterbay imefungwa na kanga kuukuu. Kijana hakunilaumu. Aliiweka magotini, akapitisha kidole kwenye jeraha, akaniambia niende nirudi keshokutwa. Hakutaka malipo, nikamwachia ya rangi kwa nguvu. Amemtengeneza kanga yule, na mtu asiyejua haoni. Mimi naona: bluu yake ni changa kidogo kuliko ya wenzake, na madoa yamekaa wima zaidi, kwa sababu wale wa kwanza aliwachora amestarehe na huyu alimchora akiwa na hofu. Nampenda kuliko wote.

Kwa hiyo atakayekwenda, aende mchana, kazi inaonekana vizuri kwenye mwanga. Asinunue ya kwanza iliyoning'inizwa mlangoni. Azunguke kwa waliokaa, amwulize mchoraji ametoka wapi na alikuwa akicheza nini utotoni, kisha aombe hicho. Kupatana bei kupo, lakini kwa staha, maana mtu amekaa na kitambaa hicho wiki mbili. Kama unasafiri nayo, waambie waitoe kwenye fremu na kuikunja kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje, na iwe imekauka kweli. Na kioo usikubali.

Mimi nimeagiza ya pili. Safari hii nilimwambia nataka ya utoto wangu, kambini Pangani, korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inaunguruma na singa za mkonge zimeanikwa kwenye nyaya mpaka upeo wa macho, na mama yangu na wanawake wenzake wakizigeuza. Hajawahi kufika Tanga. Aliacha brashi akachukua penseli, akaanza kuniuliza. Nyaya zilikuwa za juu kiasi gani, zinamfika mama kifuani au mabegani? Wanawake walijifunga kichwani? Udongo ni mwekundu? Nikajibu. Mto ulikuwa na rangi gani? Nikamwambia kahawia, kama chai ya maziwa, mpaka unapokutana na bahari.

"Na hizo singa, mama, ni nyeupe ya namna gani?"

Nikamwambia zikitoka kwenye mashine zina ukijani, zikishinda juani siku moja zinakuwa kama tui la nazi.

Akaninyanyulia macho. "Tui la kwanza au la pili?"

Ilinibidi nifumbe macho nimwone mama kwanza. Nikamwambia la pili. Akaliandika pembeni mwa kitambaa, kwa penseli, chini ya neno *Pangani*.